Darasa la Kuzamishwa

Velma Nafula alifundisha Kifaransa miaka sita katika shule moja ya Kiingereza pale Azaiba, Maskati, na kwa miaka mitano ya mwanzo hakuna aliyemuuliza alikipata wapi. Alikuwa amekipata Bungoma, katika sekondari ya wasichana, kwa mwalimu mmoja mama kutoka Bukavu aliyekimbia vita. Baadaye alikisomea chuo kikuu, akakifundisha Kisumu, kisha akaja Maskati kwa mkataba wa miaka miwili ambao uliongezwa, ukaongezwa tena. Kifaransa chake kilikuwa safi. Kilikuwa tu na r nzito kidogo, ile ya mwalimu wake, na watoto wa Azaiba waliichukua bila kujua kwamba kulikuwa na nyingine.

Kila darasa lilipata vipindi vinne kwa wiki, dakika arobaini kila kimoja. Hazikuwa nyingi, lakini hakuna dakika aliyoipoteza. Watoto waliigiza duka la matunda, walipigiana simu za uongo, walibishana kuhusu mpira, na walipofika darasa la sita wengi wao waliweza kuandika barua nzima kwa Kifaransa bila kumwangalia yeye usoni kutafuta msaada.

Katika wazazi wote, aliyekuwa karibu naye zaidi ni Mahbuba, mama wa Bashayer. Mahbuba alifanya kazi wizarani, Al Khuwair, na ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya wazazi. Wazazi wake walikuja Oman kutoka Unguja miaka ya sabini, na nyumbani kwao Kiswahili na Kiarabu vilipokezana ndani ya sentensi moja. Siku aliyomsikia Velma akizungumza Kiswahili kwa simu kwenye korido ya shule, alisimama akangoja amalize, kisha akamshika mkono kama aliyemwona ndugu. Tangu hapo alimwita shoga yangu. Neno hilo lilimshtua Velma mara ya kwanza, kwa sababu Kenya lina maana nyingine kabisa, mpaka Mahbuba akacheka na kumweleza kwamba kwao ni rafiki wa kike tu, basi. Velma yeye aliendelea kumwita Mama Bashayer.

Jumamosi alasiri Velma alikuwa akienda kwao kunywa chai. Alimwamkia kwanza Bi Mwanamize, mama yake Mahbuba, ambaye hakukosa kumwambia, "Nnakuona umekonda, mwanangu, hawa watoto wa watu watakumaliza." Kisha Bashayer alikuja na daftari lake la Kifaransa, akakaa miguuni pa Velma, akasoma kwa sauti. Alikuwa na miaka minane wakati huo, mtoto mwepesi, mwenye kujibu kabla swali halijaisha. Mahbuba alisikiliza kutoka jikoni, na Velma alidhani anachokisikia pale kinampendeza.

Mwaka wa sita, mkuu wa shule alimwita Velma ofisini. Shule nyingine mbili mjini zilikuwa zimeanza kutangaza Kifaransa kwenye mabango, na yeye hakutaka kubaki nyuma. Alimtaka aandike ripoti ya njia ambazo shule ingeweza kufuata, ili kamati ya wazazi ichague.

Velma aliifanya kazi hiyo wiki tatu. Aliandika njia tatu. Ya kwanza ni kubaki na vipindi vinne kama ilivyokuwa. Ya pili aliiita Kifaransa cha mkazo: watoto wa darasa la tano wangetumia nusu ya siku kwa Kifaransa kwa miezi mitano, halafu wakarudi kwenye ratiba ya kawaida. Ya tatu ndiyo kuzamishwa: kuanzia darasa la nne, hesabu na sayansi na jiografia, vyote vingefundishwa kwa Kifaransa. Alipendekeza ile ya pili, na akaeleza sababu zake waziwazi. Shule haikuwa na mwalimu wa hesabu anayejua Kifaransa, na watoto wengi walikuwa wamebeba lugha tatu tayari. Kumfundisha mtoto sehemu na desimali kwa lugha ya nne kulihitaji maandalizi ya miaka miwili, si ya likizo moja.

Jumamosi moja kabla ya mkutano alilielezea jambo hilo nyumbani kwa Mahbuba. Bi Mwanamize aliposikia neno kuzamishwa aliuliza mtoto anazamishwa wapi, na kwa kosa gani. Wote walicheka. Mahbuba alisema ripoti ni nzuri na kwamba yeye ataiunga mkono.

Mkutano ulijaa. Velma alisimama mbele akaeleza njia zote tatu. Alipomaliza, baba mmoja aliuliza ipi ndiyo kubwa kuliko zote, na mkuu wa shule akajibu kwamba ni ya tatu. Kuanzia hapo hakuna aliyeizungumzia ya pili. Mama mmoja akauliza nani atafundisha darasa hilo. Mkuu wa shule alisema hilo litaangaliwa. Velma alimtazama Mahbuba mezani pa kamati. Mahbuba alikuwa akiandika.

Siku kumi baadaye mkuu wa shule alimwita tena. Alikuwa na adabu sana siku hiyo, alimvutia hata kiti. Alimwambia kamati imechagua kuzamishwa na kwamba wazazi wameomba mwalimu aliyezaliwa na lugha hiyo. Tangazo la kazi litapelekwa Ufaransa, na kwa kuwa hapo shuleni hakuna mwingine anayeweza kuliandika kwa Kifaransa, alimwomba Velma aliandike yeye. Akampa faili lenye maelezo yote.

Velma alilifungua faili katika chumba cha walimu. Ndani mlikuwa na barua ya wazazi, kurasa mbili kwa Kiingereza. Aya ya tatu ilisema kwamba wazazi wanamshukuru mwalimu wa sasa kwa bidii yake, lakini hawapendi watoto wao wakue na lafudhi isiyofaa, ambayo itakuwa vigumu kuiondoa baadaye. Chini yake kulikuwa na saini thelathini na moja. Ya kwanza ilikuwa ya Mahbuba.

Alikaa na barua ile kipindi kizima. Kisha akaandika tangazo. Aliliandika vizuri, kwa Kifaransa kisicho na kosa hata moja, akaeleza shule ilivyo karibu na bahari na watoto walivyo wachangamfu, akaliacha mezani kwa katibu.

Jumamosi hiyo alikwenda kwa Mahbuba kama kawaida. Bi Mwanamize alikuwa amelala. Mahbuba alimkaribisha sebuleni, akaanza kumimina chai, na Velma hakuzunguka.

"Mama Bashayer, ile sentensi ya lafudhi ni nani aliiandika?"

Mahbuba akaliweka birika chini. "Nimeiandika mie. Kwa niaba ya kamati."

"Miaka mitatu nimemfundisha mtoto wako hapa hapa kwenye zulia hili. Kama ilikuwa inakusumbua, si ungeniambia?"

"Ningekwambia nini? Useme vingine?" Mahbuba aliuliza. "Velma, wewe hujui. Mama yangu alipofika nchi hii hakuwa na Kiarabu ila cha kusalia. Mie nimezaliwa hapa, na bado shuleni nilikuwa nikifungua mdomo wasichana wanacheka, wanasema Kiarabu changu kimepikwa kwa tui. Miaka minane sikuinua mkono darasani. Nnajua kunavyouma. Sitaki mwanangu achekwe."

"Nani amemcheka Bashayer?"

"Hajachekwa bado."

"Basi wa kwanza umekuwa wewe," Velma alisema, akainuka.

Hakunywa chai ile, na hakurudi tena Jumamosi nyingine.

Mwezi wa tano mkuu wa shule alimpa mkataba mpya. Vipindi vya Kifaransa vya madarasa mengine vingepewa masomo mengine, na yeye angekuwa msaidizi wa mwalimu katika darasa la kuzamishwa, kwa sababu aliwajua watoto. Shule nyingi mjini zilikuwa zimeshaajiri kwa mwaka uliofuata, na kibali chake cha kukaa nchini kilifungwa kwenye kazi hiyo. Alisaini. Kadi mpya ya ukaazi ilipotoka, pale palipokuwa pameandikwa mwalimu pakawa pameandikwa msaidizi. Dorothy, Mkenya mwenzake waliyepanga naye nyumba Al Khuwair, aliitazama kadi ile, akamwambia aiweke kwenye pochi na asiitoe ila kwa polisi.

Mfaransa alifika mwishoni mwa Agosti. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na sita kutoka Lyon, mpole, mwenye kuona haya, na alikuwa amesomea utalii. Watoto walimwita Musyu, yaani Bwana kwa Kifaransa. Wiki ya kwanza alimwambia Velma wazi kwamba hakuwahi kufundisha watoto, na kwamba alidhani angepewa vijana wakubwa. Velma alitaka kumchukia akashindwa. Alimwandalia masomo, akamchorea michoro ya sayansi, akamwonyesha jinsi ya kunyamazisha darasa bila kupaza sauti. Asubuhi Musyu alisimama mbele akasema yale ambayo Velma alikuwa ameyaandika jana yake, na wazazi waliopita dirishani walisikia r ya Lyon, wakaridhika.

Bashayer alikuwa katika darasa hilo. Kwa mwezi mmoja alikwenda vizuri, kwa sababu alikuwa na Kifaransa kingi kuliko wenzake wengi. Kisha hesabu za sehemu zikaanza. Musyu alieleza upesi, kwa maneno ya watu wazima, na kila alipoona hawakuelewa alirudia maneno yaleyale kwa sauti kubwa zaidi. Bashayer akaanza kunyamaza. Mtoto ambaye zamani alijibu kabla swali halijaisha sasa aliomba ruhusa ya kwenda chooni kila hesabu ilipoanza, akakaa huko mpaka kipindi kikaribie kwisha. Jaribio la kwanza alipata tatu katika ishirini.

Siku moja Velma alimfuata chooni. Alimkuta amesimama kwenye sinki, ameyafungua maji na hanawi. Velma aliyafunga maji. Alimrudisha darasani, akakaa naye nyuma, akainama sikioni mwake na kumwambia kwa Kiswahili, polepole:

"Ule mkate wa kumimina wa bibi yako. Ukiukata vipande vinane, ukala viwili, umekula sehemu gani ya mkate?"

Bashayer alifikiri. "Robo."

"Haya. Robo kwa Kifaransa unaijua. Inua mkono umwambie Musyu."

Mtoto aliinua mkono akamwambia. Baada ya hapo walifanya hivyo kila siku, kwa sauti ya chini, dakika tano au kumi. Velma alieleza kwa Kiswahili, Bashayer akajibu kwa Kifaransa. Kufika Desemba alikuwa akipata kumi na tano, kumi na sita, na chooni hakwenda tena.

Mahbuba alijua. Mchana mmoja wakati wa kuchukua watoto alisimamisha gari mbele ya Velma, akateremsha kioo. Walikuwa hawajazungumza tangu ile chai.

"Bashayer kanambia unavyomsaidia," alisema. "Mungu akulipe, wallahi. Endelea vivyo hivyo, ila usiseme na mtu."

Velma aliitikia kwa kichwa. Alirudi ndani na moyo mwepesi kuliko alivyotaka uwe.

Aliyesema ni Musyu, na alisema kwa wema. Mwezi wa pili alitakiwa kuandika ripoti ya nusu mwaka kwa kamati, na kwa kuwa alikuwa mkweli, aliandika kwamba mwanafunzi aliyeendelea zaidi darasani ni Bashayer, na kwamba sifa ni za Miss Velma, ambaye humweleza hesabu kwa lugha ya nyumbani kwao. Alifikiri anamtafutia Velma cheo.

Kamati ilikaa siku mbili baadaye. Wazazi walikuwa wameahidiwa darasa ambamo haisikiki lugha nyingine yoyote, na sasa wanasoma kwamba nyuma ya darasa kuna Kiswahili. Velma hakuitwa kujieleza. Aliitwa kesho yake kupokea barua ya onyo. Barua ilisema amevunja utaratibu wa programu kwa hiari yake mwenyewe, na kwamba mzazi wa mtoto anayehusika amethibitisha kuwa hakuwa na habari yoyote ya jambo hilo wala hakuliomba.

Velma alisoma sentensi hiyo mara tatu.

"Alisema hivyo mwenyewe?" aliuliza.

Mkuu wa shule alijibu kwamba ndiyo, mbele ya kamati nzima, na imeandikwa kwenye kumbukumbu za kikao.

Velma angeweza kumwambia habari ya gari na kioo. Aliona jinsi atakavyosikilizwa, na jinsi mkuu wa shule atakavyokunja uso kwa huruma, na jinsi jambo litakavyoishia hapo hapo. Alisaini kwamba amepokea barua. Musyu alimfuata korido, macho mekundu, akaomba radhi mara nyingi. Velma alimwambia hana kosa, aliandika kilicho kweli. Toka siku hiyo alihamishwa kukaa maktaba wakati wa vipindi vya hesabu, akibandika namba kwenye vitabu. Kupitia kioo cha mlango alimwona Bashayer akipita kwenda chooni, na akirudi, na kesho yake akipita tena. Mkataba ulikwisha mwezi wa sita na haukuongezwa.

Dorothy ndiye aliyemtafutia njia. Katika watu aliosali nao kanisani Ijumaa palikuwa na mtu wa kampuni moja ya kuwapokea watalii wa meli kubwa zinazotia nanga Matrah, na watu hao walihitaji mtu wa Kifaransa. Kufika Oktoba, msimu wa meli ulipoanza, Velma alikuwa amesimama bandarini na fulana ya kampuni na kibao mkononi, akiwaelekeza wazee wa Kifaransa basi lilipo na saa ngapi souk, lile soko la zamani, hufungwa. Siku ya tatu mama mmoja kutoka Bordeaux alimshika mkono na kumwambia kwamba anazungumza Kifaransa kizuri kuliko wajukuu zake. Velma alimshukuru, akamsaidia kupanda basi. Kisha akasogea kwenye kivuli cha ukuta, akakaa pale peke yake, kwa sababu sifa ile ilimuuma kuliko ile barua ya saini thelathini na moja.

Habari za shule alizipata kwa vipande. Musyu alikwenda kwao likizo na hakurudi. Tangazo jipya lilipelekwa, hakupatikana mtu, na darasa la kuzamishwa likavunjwa. Watoto walirudishwa kwenye vipindi vinne, ila sasa hapakuwa na mwalimu. Walivaa visikizi na kurudia maneno baada ya kompyuta.

Mwezi wa kumi na moja kwenye simu yake ukaingia ujumbe wa Mahbuba. Ulikuwa mrefu. Alimwuliza afya, akamwambia Bi Mwanamize anamkumbuka sana, akasema Bashayer ameanguka hesabu na Kifaransa pia kinampotea. Aliomba Velma awe anakuja nyumbani Jumamosi kama zamani, amfundishe. Kuhusu kamati hakusema neno. Mwishoni aliandika kwamba yaliyopita yamepita.

Velma aliandika jibu kwa Kiswahili, refu, lenye kila kitu ndani yake, akalifuta. Akaandika jingine fupi, akalifuta nalo. Kisha akaandika kwa Kifaransa, kwa adabu ya barua za serikali: Bibi mheshimiwa, mimi sifundishi tena. Siwezi kufika nyumbani kwako, wala sitaki. Kuanzia sasa tafadhali elekeza maombi yako kwa walimu wenye lafudhi inayofaa. Aliutuma ujumbe kabla hajafikiri mara ya pili.

Alipofikiri, alikumbuka kwamba katika nyumba ile ni mtu mmoja tu awezaye kusoma Kifaransa, na mtu huyo ana miaka kumi. Alijaribu kuufuta ujumbe. Ulikuwa umeshasomwa.

Alingoja alasiri yote. Watalii walirudi kutoka souk na mifuko ya ubani, akawahesabu, akawapandisha. Jibu lilikuja meli ikiwa inajiandaa kuondoka, nalo lilikuwa la sauti. Alisogea kando na kuliweka sikioni.

"Velma, nimepata ujumbe wako," ilisema sauti ya Mahbuba, yenye furaha kidogo. "Mie sijui hicho Kifaransa chenu, nimemwita Bashayer kanisomea wote, neno kwa neno. Anasema unatusalimia sote, na unasikitika huna nafasi kwa sasa, kazi nyingi, na ukipata wakati utakuja. Basi, sisi tutangoja, inshallah. Mwenyewe yuko hapa, anasema nikwambie ahsante."

Velma hakuwa ameandika hata moja kati ya hayo.

Velma aliusikiliza mara mbili. Hakumjibu Mahbuba siku hiyo wala siku iliyofuata. Wiki ilipokwisha alilifuta jina lake kwenye simu, akabaki akijua kwamba namba ya mtoto hakuwahi kuwa nayo.